Amri Yataka Hodi

Kila aliyepita chuoni katika miji yetu ya Pwani anaikumbuka siku ile mwalimu alipoitwa msibani, akamwachia mmoja wa wanafunzi bakora yake. "Wasimamie wenzio mpaka nirudi." Basi mtoto yule aliyekuwa amekaa mkekani na wenziwe dakika ile ile, huinuka akawa mkubwa wa chuo.

Zamu yangu ilinifika nikiwa na umri wa miaka kumi. Niliishika bakora kwa mikono miwili. Rafiki yangu, ambaye tulikuwa tukila kitumbua kimoja, alinitazama akacheka. Nikamchapa. Wa pili akanung'unika, naye nikamchapa. Mwalimu aliporudi alikuta chuo kizima kimenyamaza, hakuna hata mmoja asomaye, na sauti iliyosikika ni yangu peke yangu nikiamrisha watu wasome. Hakunigombeza. Aliitwaa bakora yake, akaniambia taratibu: "Mwanangu, nilikupa fimbo, wewe ukadhani nimekupa watu."

Maneno hayo yalinirudia miaka zaidi ya arubaini baadaye, tena mbali na bahari, huko Kyuso katika nchi ya Wakamba.

Asiyepajua Kyuso nimwelekeze. Ukitoka Mombasa, waweza kuiacha barabara kuu ya Nairobi pale Kibwezi, ukashika njia ya Mutomo mpaka Kitui, kisha Migwani, ukatokea Mwingi penye barabara iendayo Garissa. Hapo waelekea kaskazini. Ardhi yazidi kuwa nyekundu na kavu, mibuyu na migunga inasimama mbali mbali, na mito unayoivuka ni ya mchanga mtupu. Ukisikia abiria wakitaja Ngomeni usidhani umerudi Malindi. Wanayo Ngomeni yao nao, huko huko Mwingi Kaskazini.

Si mji mkubwa, ila vyeo umevionja. Sensa ya 2009 iliikuta Kyuso ikiwa na wilaya yenye jina lake. Baada ya Katiba mpya ya 2010, na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mambo mengi yakahamia Kitui, Kyuso ikabaki na kaunti yake ndogo. Vibao vya afisi vikabadilishwa maandishi. Wakubwa wakaja na wengine wakaondoka. Waliobaki ni wenyeji, na makarani ambao kila mkubwa mpya huwakuta na kuwaacha pale pale.

Mmoja wa wakubwa hao wapya alikuwa mpwa wangu. Jina lake silitaji, wala siitaji afisi yake. Yatosha kusema ni afisi inayowahudumia watu wa vijijini, yenye wafanya kazi kumi na mmoja. Barua ya kupandishwa cheo ilipomfikia, nyumbani Kibokoni ilisomwa dua, ikapikwa biriani, na mamake akalia kwa furaha. Mimi mjomba wake nilimpa shati jeupe na nasaha mbili tatu za kawaida. Sikumwambia lile neno la mwalimu wangu. Laiti ningalimwambia.

Miezi miwili haikupita akanipigia simu usiku. "Mjomba, nataka kuomba uhamisho."

Nikamuuliza kama amegombana na mtu.

"Sijagombana na mtu," akasema. "Hilo ndilo linalonitisha. Kila ninalosema hunijibu ndiyo, na hapana linalofanyika."

Nikafunga safari. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, wakati ambao watu wa Ukambani hulitazama wingu kama sisi tunavyoutazama mwezi wa Ramadhani. Mvua zao ni mbili kwa mwaka, na wanayoitegemea zaidi ni hii ya vuli. Ikinyesha, hunyesha kwa majuma machache. Ambaye mbegu yake haimo ardhini kwa wakati, huwa amekosa mpaka msimu mwingine. Afisi ya mpwa wangu ilikuwa na magunia ya mbegu za mtama na pojo ya kugawiwa vijiji, na lori moja la kuyachukulia.

Usiku ule tuliketi nje, akanieleza yote tangu siku ya kwanza. Alifika na daftari aliloandika mipango yake. Akaita mkutano saa mbili asubuhi, akasoma kanuni mpya nane: saa za kuingia, saa za kutoka, nani atie sahihi wapi. Siku ya pili akapanga upya meza. Palikuwa na mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa huko, ambaye meza yake ilikuwa mlangoni. Akamhamishia chumba cha nyuma karibu na ghala, ili mlangoni pawe na nafasi na afisi ionekane afisi.

Mama yule alikuwa amekaimu ukubwa wa afisi ile kwa miaka miwili. Mkubwa aliyetangulia alimwachia funguo. Barua ya kumthibitisha yeye haikuja. Ikaja ya mpwa wangu.

Kumbe meza ile ya mlangoni ilikuwa na kazi yake. Mzee atokaye kijijini kwa miguu alikuwa akimkuta mama mlangoni, akasalimiwa kwa Kikamba, akaulizwa habari za mbuzi na za wajukuu, na katikati ya salamu hizo akaitoa haja yake. Meza ilipoondoka, wazee walifika mlangoni, wakakuta nafasi tupu, wakageuka wakaenda zao. Afisi ikawa safi, na habari za vijiji zikakatika.

Kisha likaja la lori. Mpwa wangu alipanga siku ya kupeleka mbegu katika kijiji kimoja, akatia sahihi, akapanda mwenyewe karibu na dereva. Walipofika hawakukuta mtu. Kijiji kizima kilikuwa mazishini, mzee wao mmoja amefariki, na watu wametawanyika kwa siku kadhaa. Wakarudi na magunia yao. Siku imepotea, mafuta yamekwisha, na mafuta mengine yakachukua siku tatu kupatikana.

"Nikawauliza, mlijua?" akaniambia. "Wakasema walijua. Dereva alijua, karani alijua, hata mlinzi wa usiku alijua. Nikawaambia, mbona hamkuniambia? Wakanijibu: Hukutuuliza, bwana mkubwa."

Nikamuuliza, "Yule mama, tangu uje, umemuuliza nini?"

Akainama. "Nilimtaka funguo, mjomba."

Msomaji, usifanye haraka kumlaumu kijana huyu. Hakuwa mwizi wala mvivu, na kanuni zake nane zote zilikuwa njema. Kosa lake ni lile langu la mkekani: alipewa barua, akadhani barua ile imekuja na watu ndani yake. Na hili ndilo gumu kuliko yote katika cheo kipya. Kiti utapewa, na muhuri utapewa, hata gari huenda ukapewa. Kutiiwa hukupewi na mtu. Hiyo sharti uiendee kwa wale wale unaotaka wakutii, ubishe hodi, ungoje uambiwe karibu.

Sisi watu wa Pwani tungepaswa kulielewa jambo hili mapema. Hakuna kwetu anayeingia nyumba ya mtu bila ya hodi, na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kurani tusiziingie nyumba za wengine mpaka tumeomba idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Afisi nayo ni nyumba. Waliomo wana miaka yao, wana ugomvi wao na mapatano yao, wana maiti wao. Mkubwa mpya huingia kwa barua iliyoandikwa mbali, akapita moja kwa moja mpaka chumba cha ndani.

Tena, kwa watu wa huko, jambo hili lina mizizi mirefu. Zamani Wakamba walikuwa wakiteremka Mombasa na misafara ya pembe, na mmoja wa wakuu wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Ndiye aliyempokea mmishenari Krapf mwaka 1849, na kutoka huko kwake ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka ule. Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851, safarini karibu na Mto Tana. Hakuna sultani wala gavana aliyempa Kivoi barua ya kuwa mkubwa. Watu walimfuata kwa kuwa njia aliijua. Na mambo ya kijijini hayakuamuliwa na mtu mmoja; yaliamuliwa na baraza la wazee, liitwalo nzama, na mtu aliupanda uzee huo ngazi kwa ngazi, kwa umri na kwa mbuzi alizotoa.

Waingereza walipokuja hawakuona mfalme wa kumwamrisha, basi wakawafanya wao. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa uwezo wa kuwateua wakubwa wa vijiji, na neno lililokuwa la baraza likawa la mtu mmoja mwenye karatasi. Nadhani tangu hapo watu wetu, wa bara na wa pwani, walijifunza jinsi ya kuishi na mtu wa karatasi: kumwitikia ndiyo, na kumwacha ajionee mwenyewe.

Katika tarikhi ya dini yetu imo hadithi ambayo kila mwenye barua mpya yafaa aisome kabla hajaketi. Mtume (s.a.w.), katika siku zake za mwisho, mwaka wa 11 wa Hijra, alimteua Usama bin Zayd kuwa amiri wa jeshi la kwenda Sham. Usama alikuwa kijana ambaye hata miaka ishirini haijulikani kama alikuwa ameivuka, na chini yake walikuwamo masahaba wakubwa. Watu wakanong'ona juu ya umri wake. Mtume, naye mgonjwa, akatoka akawaambia kwamba baba yake Usama pia walimsemea hivyo hivyo, naye alistahiki, na huyu mwana vile vile anastahiki.

Mtume akafariki jeshi halijaondoka. Abubakar (r.a.) akawa khalifa, akaombwa amuondoe kijana yule amweke mtu mzima zaidi, akakataa katakata. Jeshi lilipotoka alilisindikiza kwa miguu, na Usama amepanda. Usama akaona haya, akamtaka khalifa apande au yeye ashuke. Abubakar hakukubali hili wala lile. Kisha akamwomba kijana yule, kama ataona vyema, amruhusu Omar abaki Madina amsaidie.

Hebu tulizingatie hilo. Khalifa wa Waislamu, mwenye uwezo wa kusema "Omar, baki," na Omar akabaki, alimwomba idhini kijana aliyepanda farasi. Hapo jeshi zima liliona kwa macho kwamba Usama ni amiri kweli kweli. Na Abubakar mwenyewe siku hizo alikuwa katika majuma yake ya mwanzo ya ukhalifa! Yeye mwenye cheo kipya ndiye aliyebisha hodi.

Ziko upande wa pili habari za anayeondolewa. Omar aliposhika ukhalifa alimvua Khalid bin Walid uamiri wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubayda. Imepokewa kuwa Abu Ubayda aliipata barua akaificha, hakutaka kumvunja Khalid moyo vita vikiwa mbele yao. Mpaka vilipokwisha ndipo habari ikadhihiri. Na Khalid, simba wa vita, hakuondoka kwa hasira. Aliendelea kupigana chini ya yule aliyechukua nafasi yake. Watu humsifu Khalid kwa kukubali, nao wana haki. Lakini mimi namsifu pia Abu Ubayda, aliyejua kuwa barua yake ya furaha ni barua ya msiba kwa mwingine. Mama wa Kyuso naye alikuwa na msiba wake, na hakuna aliyempa pole.

Karibu na siku zetu, tumemuona marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1984 alikabidhiwa Zanzibar baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu, siasa za visiwani zikiwa zimechafuka. Mwaka uliofuata, Novemba 1985, akakabidhiwa Tanzania nzima kutoka mikononi mwa Mwalimu Nyerere, na Mwalimu akabaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990. Ni mangapi yanayoweza kumshinda mtu kama kukaa kiti ambacho mwenyewe yuko chumba cha pili? Mzee Mwinyi hakujitia ukubwa asiokuwa nao. Alijifananisha na kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro. Na juu ya kichuguu hicho akafungua milango ya biashara iliyokuwa imefungwa, hata watu wakamwita Mzee Ruksa. Alipofariki, tarehe 29 Februari 2024, aliliwa na wengi kwa upole wake. Unyenyekevu haukumzuia kubadilisha mambo. Ulimpatia watu wa kuyabadilisha nao.

Turudi Kyuso. Asubuhi yake mpwa wangu alitangulia afisini kabla ya wote. Nilipofika nilimkuta anaisukuma ile meza, jasho linamtoka, anairudisha mlangoni. Mama akaja, akaiona, akasimama. Kijana akamwambia: "Mwaitu, nimekuja kwenu sijabisha hodi. Nisamehe. Nifundishe hizi mbegu tuzipeleke vipi." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

Ningependa kuwaambieni kwamba mama alicheka, wakapeana mikono. Hakucheka. Aliweka mkoba wake mezani, akatazama nje kwenye mawingu kwa muda, kisha akasema: "Orodha yako inaanza na vijiji vya karibu. Anza ng'ambo ya mto. Mvua ikinyesha milimani, mto utashuka, na lori halitavuka."

Mpwa wangu alikuwa ameupita mto ule mara nyingi, akauona mchanga tu. Hata mimi, jana yake, niliuona mchanga. Nilimuona na mwanamke amechimba shimo katikati ya mto, amepiga magoti, anachota kwa kata maji yanayojikusanya chini, kidogo kidogo, akijaza dumu lake. Maji ya huko hukaa chini ya mchanga. Aliyesimama hayaoni.

Siku nne lori likavuka na kurudi. Mama alipeleka habari mbele, na kila lilipofika lilikuta watu wamejipanga. Usiku wa nne ikanguruma upande wa milima ya Mumoni, na asubuhi mto ulikuwa umejaa maji mekundu ukingo kwa ukingo. Vijiji vya ng'ambo vilikwisha pata mbegu, isipokuwa kimoja. Ni kile cha mazishi. Kiliachwa cha mwisho ili watu wamalize msiba wao, na mto ukawahi. Zile siku zilizopotea mwanzo ndizo zilizokikosesha. Mpwa wangu alisimama ukingoni, amenyamaza, na sikuwa na la kumwambia. Kosa la mwenye cheo hulipwa na watu ambao hata jina lake hawalijui.

Nataka nisifahamike vibaya. Kubisha hodi si kuwaachia wengine nyumba. Juma lile lile mfanya kazi mmoja alikuja na jina la shemeji yake, ati atiliwe magunia mawili zaidi. Kijana alikataa, akakataa mbele ya wote, na mama akainua macho yake akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mkubwa wake. Heshima hupatikana kwa kuuliza, na hupotea kwa kuuza. Abu Dharr (r.a.) alipomtaka Mtume ampe kazi ya uongozi, alielezwa kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, na siku ya Kiyama huwa fedheha na majuto ila kwa aliyeushika kwa haki yake. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 73, imefuata njia hiyo hiyo: mamlaka ya kiongozi ni dhamana ya umma, naye yupo kuwatumikia watu, hayupo kuwatawala.

Na vyeo havikai. Kitui wenyewe wameshuhudia: Julius Malombe alikuwa gavana wao wa kwanza mwaka 2013; mwaka 2017 akaja Charity Ngilu, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana katika Kenya; na mwaka 2022 Malombe akarudi. Aketiye leo husimama kesho, na aliyesimama huenda akaketi. Kwa hivyo, meza ya mtu usiihamishe kabla hujajua kwa nini iko pale ilipo.

Uhamisho mpwa wangu hakuuomba tena. Ijumaa akipata nafasi huenda Mwingi kusali, na nasikia sasa anasalimia kwa Kikamba, ingawa wazee humcheka matamshi. Nami nimemtungia beti hizi mbili, nikamwambia azibandike ukutani, upande anaoutazama yeye, usiwe ule wanaoutazama wageni:

Wewe uliye kitini, leo umepewa dhima,
Usiwatazame chini, waliokuwako nyuma,
Bisha hodi mlangoni, ukaribishwe kwa wema,
Amri yataka hodi, ndipo ipate simama.

Maji yaliyofichika, hayachotwi kwa kusema,
Ni kiburi kukizika, na mgongo kuinama,
Mkongwe ukimshika, hutapotea daima,
Amri yataka hodi, ndipo ipate simama.

Wabillahi tawfiq.